Lisemwalo Lipo? Si Kwenye Tetesi za Langalanga

Najua nimewatupa kwa wiki kadhaa. Kazi ya kuajiriwa ina wivu, haipendi mtu awe na blogu. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira, kwa hivyo kama ulikuja kutafuta somo la kuandika programu, pole sana, pitia tena wiki ijayo.

Mara ya mwisho niliandika mistari miwili tu hapa kwamba siamini tena tetesi za nani atahamia timu gani kwenye mbio za magari. Msomaji mmoja akanijibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wengine wakampigia makofi, mjadala ukafungwa. Kwetu methali ikishatajwa ni kama hakimu amegonga meza.

Mimi nakata rufaa.

Jamani, methali ile ilitungwa mahali ambapo aliyesema anajulikana. Nyumba yake inajulikana, mama yake anajulikana, na akisema uongo leo tutamkuta kesho kisimani atueleze. Haikutungwa kwa ajili ya wavuti, ambako neno halina baba wala mama, na likithibitika kuwa uongo linafutwa usiku tukiwa tumelala.

Kwa wale ambao kwao mbio za magari ni Safari Rally na vumbi la Naivasha, nieleze kidogo. Formula 1, au langalanga kama watangazaji wetu wanavyopenda kuiita, ni magari ya kiti kimoja, hayana paa na magurudumu yako nje. Mwaka 2025 kulikuwa na timu 10 na viti 20 tu katika dunia nzima. Cadillac ilipoingia mwaka 2026 viti vikawa 22. Msimu huisha Disemba na kuanza tena Machi. Katikati hapo hakuna mbio, lakini tovuti za habari za mbio hazifungwi. Wahariri wana familia, matangazo yanalipwa kwa idadi ya watu wanaobofya, na kurasa lazima zijae. Zitajazwa na nini kama magari yamefunikwa turubai? Fulani amekasirika. Fulani ameonekana akila chakula na bosi wa timu nyingine. Fulani "anaaminika" kuwa mbioni kuondoka. Anaaminika na nani? Hawasemi. Na kila Agosti, timu zinapokwenda likizo, mtambo huo huo unawashwa tena.

Mimi mwenyewe si msafi. Mwaka 2025 niliandika programu ndogo, kazi ya Jumamosi mbili. Ilikuwa inasoma milisho ya RSS ya tovuti za mbio, inatafuta jina la dereva na jina la timu ndani ya kichwa kimoja cha habari, kisha inahesabu. Tovuti zikifika kumi kwa siku moja, inatuma arifa kwa kundi letu la ofisini ikisema "uwezekano mkubwa." Maneno hayo mawili niliyaandika mimi kwa vidole vyangu, bila kufikiria. Julai yote arifa zikawa wimbo mmoja: Max Verstappen anakwenda Mercedes, Max Verstappen anakwenda Mercedes.

Kijana mmoja anayepokea simu za wateja pale kazini akaniuliza kama mashine inaweza kudanganya. Nikamjibu kwa majivuno ya mtu mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi: mashine haina timu inayoshabikia. Basi akaenda akacheza kamari. Hakuweka hela ya chai. Aliweka hela ya kodi ya nyumba.

Tarehe 31 Julai 2025, huko Hungary, Verstappen akasema kwa kinywa chake kwamba mwaka 2026 atabaki Red Bull. Oktoba, Mercedes wakathibitisha kwamba wanaendelea na George Russell na Kimi Antonelli. Kwa tovuti zile mambo yakaishia hapo, wakageukia jina jingine. Kwa kijana yule hayakuishia hapo, kwa sababu mwenye nyumba hasomi habari za Formula 1.

Nilifungua msimbo wangu usiku ule ule. Kasoro niliiona haraka na nikatamani nisingeiona. Programu ilikuwa inahesabu mistari ya hifadhidata, haihesabu asili ya habari. Nikaanza kufuata viungo kimoja kimoja. Tovuti hii imenukuu ile, ile imenukuu nyingine, na hiyo nyingine inasema "kwa mujibu wa ripoti mbalimbali", ukibofya unarudi ulikoanzia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ukinakili rekodi moja mara kumi huna rekodi kumi, una rekodi moja na uchafu tisa. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimeuita uchafu huo "uwezekano mkubwa."

Na kulikuwa na kasoro ya pili, mbaya zaidi. Tetesi hazihesabu viti. Kama Verstappen angeingia Mercedes, basi Russell au Antonelli angetoka. Angekwenda wapi? Na yule aliyeko huko angekwenda wapi? Chukua tetesi zote za wiki moja, ziweke kwenye jedwali, kisha jaribu kuwakalisha madereva wote. Utakuta dereva mmoja ana viti vitatu na kiti kimoja kina madereva wanne. Hata mpanga ratiba wa shule ya msingi angelirudisha jedwali hilo.

Sasa najua kuna wenzangu wa upande wa pili wanaotabasamu. Hawa ni wale wanaosema: achana na porojo, subiri taarifa rasmi. Msitabasamu mapema, maana nanyi nina neno na nyinyi.

Tarehe 12 Julai 2022, katika IndyCar ya Marekani, timu ya Chip Ganassi ilitangaza rasmi kwamba Alex Palou, bingwa wa 2021, ataendelea nayo mwaka 2023. Taarifa ilikuwa na nembo na hata maneno ya Palou mwenyewe. Siku hiyo hiyo Palou akaandika mtandaoni kwamba maneno yale hakuyasema wala hakuyaidhinisha, na McLaren nao wakatangaza kwamba ni wao watakaokuwa naye. Timu mbili, taarifa mbili rasmi, dereva mmoja. Mambo yakafika kwa mawakili, na mwishowe Palou akabaki Ganassi mwaka 2023. Baadaye akaamua haendi McLaren kabisa, nao wakampeleka mahakamani London.

Wiki tatu tu baada ya kisa hicho, tarehe 1 Agosti 2022, Fernando Alonso akatangazwa kuwa anahamia Aston Martin. Bosi wa timu yake ya Alpine, Otmar Szafnauer, alikiri kwamba uthibitisho wa kwanza aliouona ni tangazo lile lile tuliloliona sisi. Kesho yake Alpine wakakimbilia kutangaza rasmi kwamba kiti kitachukuliwa na kijana wao Oscar Piastri. Saa chache baadaye Piastri akasema hapana, hajasaini kitu nao kwa mwaka 2023 na hatawaendeshea gari. Suala likapelekwa kwenye Bodi ya Kutambua Mikataba, na tarehe 2 Septemba bodi ikaamua kwa kauli moja kwamba mkataba halali ni wa McLaren.

Kwa hivyo, ninyi wa "subiri rasmi", mngesubiri kitu gani pale? Rasmi ilikuja, na rasmi ilikuwa uongo.

Hata rasmi ya kweli haikai. Agosti 2023 Mercedes walitangaza mkataba mpya wa Lewis Hamilton hadi mwisho wa 2025. Tarehe 1 Februari 2024, miezi mitano tu baadaye, ikatangazwa kwamba anahamia Ferrari mwaka 2025. Mercedes hawakudanganya, wala Hamilton hakuvunja mkataba. Ndani ya mkataba kulikuwa na kipengele kinachomruhusu kutoka mapema, naye akakitumia. Red Bull nao walimtangaza Liam Lawson Disemba 2024, wakamwondoa Machi 2025 baada ya mbio mbili tu na kumweka Yuki Tsunoda.

Sisi waandishi wa programu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mkataba wa dereva ni programu iliyojaa "ikiwa". Ikiwa timu itatumia haki yake ya kuongeza mwaka. Ikiwa dereva ataamua kutoka. Kusema "ana mkataba hadi 2028, kwa hivyo haondoki" ni sawa na kusoma mstari wa mwisho wa msimbo na kudhani umeielewa programu yote. Na kusema "kuna kipengele cha kutoka, kwa hivyo anaondoka" ni kosa lile lile limevaa kofia nyingine.

Basi ukweli uko wapi? Mnataka nikubali kwamba tetesi huwa za kweli wakati mwingine? Nakubali bila kulazimishwa. Mwanzoni mwa Septemba 2012 Eddie Jordan aliandika BBC kwamba Hamilton yuko karibu kuondoka McLaren kwenda Mercedes. Tarehe 28 mwezi huo huo ikathibitishwa. Lakini tazameni Jordan, aliyefariki Machi 2025, alifanya nini. Aliweka jina lake. Alisema dereva gani na timu gani, kwa namna ambayo angekosea dunia nzima ingemcheka yeye, si "vyanzo". Hilo si lisemwalo, wapendwa. Hilo ni aliyesema. Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Na Jordan alijua mchezo huu kwa kuumizwa nao. Agosti 1991, Ubelgiji, alimpa Michael Schumacher gari kwa mbio yake ya kwanza. Mbio iliyofuata, Italia, Schumacher alikuwa tayari ndani ya gari la Benetton. Kila mtu anakumbuka hasara ya Jordan. Wangapi wanamkumbuka Roberto Moreno? Yeye ndiye aliyekuwa na kiti kile cha Benetton. Pale Ubelgiji alimaliza wa nne na akaweka mzunguko wa kasi kuliko wote, kisha akaondolewa. Bodi ya mikataba niliyoitaja juu ilizaliwa kutokana na sakata la mwaka ule. Tetesi haimwoni mtu wa aina ya Moreno. Yeye kwenye jedwali ni kisanduku cha kufutwa ili jina kubwa liingie.

Wanaofaidika wapo, msidhani huu ni upepo tu. Wakala wa dereva akitaka mshahara upande, anahitaji timu nyingine ionekane inamtaka mteja wake. Bosi wa timu akitaka dereva wake ashushe bei, anahitaji jina jingine litajwe magazetini. Mwandishi anapata habari ya bure, tovuti inapata mibofyo, kampuni ya kamari inapata kijana wa kupokea simu kutoka Nairobi. Mnyororo mzima unalipwa isipokuwa msomaji, na msomaji ndiye anayeusukuma.

Sisemi tuache kubashiri. Kubashiri ni utamu wa mchezo, na mimi nikikaa kwenye kibanda cha chai na marafiki nitabashiri mpaka maji yakauke kwenye sufuria. Ninachokataa ni ubashiri usio na kumbukumbu. Kwenye kazi yetu, mtu akibadilisha msimbo, jina lake linabaki pale, na saa, na alichobadilisha. Akiharibu, tunajua aliharibu lini. Kwa nini tuwadai wanaoandika programu ya kuuza mitumba nidhamu kubwa kuliko wanaotuambia habari?

Hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi, na nawashauri mfanye hivyo:

1. Tafuta mtu wa kwanza kusema. Ukifuata viungo vinne bila kumfikia mwenye jina, funga ukurasa.

2. Uliza: habari hii ikiwa uongo, nitajuaje, na lini? Kama hakuna siku inayoweza kuiumbua, hiyo si habari.

3. Hesabu viti. Anayeingia lazima mwingine atoke. Mwandishi asiyemtaja anayetoka hajafikiri.

4. Soma taarifa rasmi ukiuliza nani amesaini. Kama timu imesema na dereva amenyamaza, ngoja.

5. Usiweke shilingi yako hata moja. Aliyeandika tetesi hajaweka yake.

Programu yangu bado ipo. Nimeiandika upya. Sasa inahesabu asili badala ya nakala, inahifadhi kila dai pamoja na jina la aliyelisema na tarehe, na haifuti kitu. Maneno "uwezekano mkubwa" nimeyaondoa. Siku nyingi inakaa kimya kabisa, na wenzangu ofisini wanalalamika kwamba imekuwa ya kuchosha. Nimeupokea huo kama ukaguzi bora zaidi niliowahi kupewa.

Kodi ya mwezi ule nililipa nusu. Kijana alikataa, nikamwambia hiyo si sadaka, ni kurekebisha kasoro. Yule msomaji wa methali naye simkasirikii, lakini nampa kazi. Tetesi ijayo utakayoipenda, niletee hapa chini jina la aliyeisema wa kwanza na tarehe ya kuihukumu. Nitaihifadhi. Siku ikifika tutaifungua pamoja, mimi na wewe na wote hawa wakiona, na kama ilikuwepo kweli, nitaandika hivyo kwa herufi kubwa.

Kazi kwenu. Tuonane wiki ijayo.