Tinti ya Madirisha Si Ngao

Majengo mengi ya biashara mijini, Kampala na Nairobi vilevile, hubandikwa utando wa plastiki kwenye vioo, maarufu kwa jina la tinti, ili kuzuia jua kali na kupendezesha sura ya jengo. Faida hizo hazina ubishi. Lakini je, utando huo humkinga askari alindaye jengo?

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu liliulipua ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walikuwa wameyaendea madirisha baada ya kusikia mlipuko mdogo wa kwanza. Vipande vya vioo vikawapofusha.

Utando wa jua ni mwembamba. Ule wa usalama ni mnene zaidi, na hufaa ushikamanishwe na fremu ili kioo kivunjikapo kisitawanyike. Tena, utando unaong'aa huwaficha walio ndani mchana tu. Usiku, taa ziwakapo, wao ndio waonekanao.

Hivyo basi, kila kamanda hana budi kuuliza ni utando gani uliobandikwa mahali alindapo. Naye askari, asikiapo mlipuko, alale chini mbali na dirisha, wala asiende kuchungulia.