Mtoto Alaye Chaki Si Mlafi

Mwalimu amkutapo mtoto akitafuna chaki, neno la kwanza limtokalo ni “ulafi”. Nami nifundishaye isimu nasema jina hilo limekosewa, na kosa la jina huzaa kosa la hukumu. Miongoni mwa watoto wenye selimundu, maradhi yaliyoenea hasa pande za Ziwa Victoria na Pwani, si ajabu kumwona mmoja akila udongo, karatasi, hata sponji aliyoichomoa godoroni. Madaktari huhusisha hamu hiyo na upungufu wa damu, pengine na uhaba wa madini ya chuma au zinki, ingawa hawajaafikiana kipi hutangulia.

Ajabu ni kwamba odowa, yale mawe laini, wajawazito huyanunua sokoni Kisumu mchana kweupe, wala hakuna awachekaye! Mtoto wetu hucharazwa. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini hata kabla ya hapo hakikumwondolea yeyote hamu. Kilimfunza kujificha tu. Na huko mafichoni udongo humtia minyoo, nayo sponji yaweza kumziba utumbo.

Mwalimu na amwite mzazi faraghani, amweleze mtoto anakula nini na kwa kiasi gani, ili daktari aambiwe siku ya kliniki.