Msomi na Msasa

Kuna kauli ya wasomi wenzangu wa kompyuta inayonikera kuliko zote: "Hiyo imechoka, nunueni mpya." Nimeisikia Mbinga mjini, nimeisikia Mbamba Bay, na mara zote aliyeitamka alikuwa hajashika hata bisibisi.

Fizikia yenyewe haina siri. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inapita mita 1,500. Kila ukishuka mita 1,000, hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 6. Na feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Kwa hiyo kompyuta ileile iliyotulia kwenye baridi ya Mbinga hufika ufukweni ikiwa imeshapoteza nyuzi kadhaa kabla haijawashwa. Ikikaribia nyuzi 100, hupunguza mwendo ili isiungue, na mwisho hujizima. Mtu huandika "mbovu" kwenye daftari la mali, na inapelekwa stoo.

Nyuzi chache hizo zinarudishwaje? Juu ya prosesa ya kompyuta ya mezani kuna kifuniko cha shaba kilichopakwa nikeli. Kinapokea joto na kulipeleka kwenye kipoza chenye mapezi na feni. Macho huona bamba bapa, lakini ukisimamisha wembe juu yake mbele ya taa, mara nyingi utaona mwanga unapenya: katikati pamebonyea, au kona zimeinuka. Penye mwanya huo pana hewa, na shaba hupitisha joto mara elfu kadhaa kuliko hewa. Pesti tunayopaka ipo kwa ajili ya kuziba mwanya huo, lakini nayo iko mbali sana na shaba. Kadiri tabaka la pesti linavyokuwa jembamba, ndivyo joto linavyotoka haraka.

Ndipo msasa unapoingia. Unaweka karatasi ya msasa wa maji juu ya kioo kinene, unachora mistari ya kalamu kwenye kifuniko, kisha unakisugua taratibu bila kuegemea upande mmoja. Unaanza na namba 400, unapanda 800, 1000, hadi 1500. Wino ukifutika sehemu zote kwa pamoja, na shaba nyekundu ikatokea kila mahali, kimesawazika. Usihangaikie kung'aa, kinachotafutwa ni ubapa. Jina la prosesa litafutika, basi liandike kwanza. Na usithubutu kufanya hivi kwenye laptopu: nyingi hazina kifuniko, na utakachokisugua ni chipu yenyewe.

Najua pingamizi. Watasema faida yake ni nyuzi chache tu, na pengine hakuna kabisa. Ni kweli. Watasema waranti inakufa. Kweli pia, ila kompyuta ya mtumba iliyokuja na waranti mimi sijaiona. Watasema vumbi na pesti iliyokauka ndivyo wauaji wakubwa. Nakubali kwa mikono miwili: anza kupuliza vumbi, badilisha pesti, pima joto, msasa uje mwisho. Lakini angalia: hao wanaonipinga kwa hoja ya vumbi, hilo vumbi lenyewe hawajalitoa. Hoja yao inawapa ruhusa ya kutofanya lolote.

Ugomvi wangu si na kompyuta mpya. Ugomvi wangu ni na elimu iliyotufundisha kutaja sehemu za kompyuta kama majina ya mitume, ikatuachia haya ya kuzigusa. Mtihani wa TEHAMA huuliza maana ya prosesa; haumuulizi mtoto kwa nini inachemka Mbamba Bay kuliko Mbinga.

Wakati huohuo, fundi wa mashine ya kusaga mahindi, ambaye huenda aliishia darasa la saba, anasaga valvu kwa pesti ya chenga hadi ikae kwenye kiti chake, kisha anamimina mafuta ya taa kuona kama yanavuja. Kazi yake na yangu ni moja: kukutanisha nyuso mbili za chuma pasibaki mwanya. Tofauti ni kwamba yeye hupima. Sisi wenye vyeti hutoa hukumu bila kipimo.

Isitoshe, nchi hii inajua kuheshimu maarifa ya mikono inapotaka. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja Umatengo kuyasoma mashimo ya ngoro, yale yanayozuia udongo usiporomoke milimani. Wakulima hawakusubiri watafiti ndipo wayachimbe. Mbona basi kijana akisugua prosesa juu ya kipande cha kioo cha dirisha tunamwita mbabaishaji?

Kila kompyuta inayotupwa kwa uvivu hulipwa tena, na mlipaji ni mzazi mwenye kahawa au mwenye mtumbwi. Kwa hiyo nasema wazi: mtaalamu asiruhusiwe kuandika "mbovu" mpaka aandike kando yake joto alilopima, lini alitoa vumbi, na lini alibadilisha pesti. Akishindwa kuyaandika hayo matatu, kilichochoka ni yeye.