Rehema Iliyokosa Njia

Chuoni tulifunzwa kuwa mvua ni rehema, na waama ni rehema. Ukame ulioanza mwisho wa 2020 hata mwanzo wa 2023 uliua mifugo kaskazini, na unga ukapanda bei. Kibera, akina mama waliojifunza tangu 2008 kupanda sukumawiki ndani ya magunia, waliyanywesha kwa maji ya kununua, mtungi kwa mtungi. Masika ya 2024 yakaja kwa kishindo. Wakafa watu zaidi ya 200 nchini. Nimepita Kibera na Kawangware, nikaona mitaro iliyozibwa na taka. Basi tusiilaumu mvua. Mgeni huyu tulimwita wenyewe kwa dua. Tulichosahau ni kumtengezea njia ya kupita.