Gigabaiti 4 Hazimtoshi Mwanafunzi wa Chuo

Kompyuta mpakato mpya yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, iliyolehemiwa ndani ya mashine kiasi kwamba hakuna fundi wa mtaani atakayeiongeza, haipaswi kuuzwa kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na muuzaji anayelijua jambo hilo akalinyamazia anamdhulumu mnunuzi hata kama risiti yake ni halali. Huo ndio msimamo wa safu hii, nao umetokana na mauzo yaliyoshuhudiwa wiki hii katika duka moja la Kariakoo, Dar es Salaam, mbele ya wateja kadhaa ambao hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa.

Mnunuzi alikuwa mama wa makamo aliyefuatana na binti yake, ambaye amepata nafasi ya kusomea usanifu majengo. Juu ya kaunta zililazwa mashine mbili zilizokaribiana bei. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha, bado ina karatasi laini juu ya kioo. Ya pili ilikuwa nene na nyeusi, imetumika katika ofisi fulani ya Ulaya kabla ya kuletwa nchini, na pembe zake zilikuwa zimechubuka. Binti alipouliza kwa adabu, “Kaka, hii RAM yake ni ngapi?”, muuzaji alimgeukia mama, ambaye ndiye aliyeshika fedha, akasema, “Mama, hii mpya ina GB 68.” Binti alirudia swali lake, akajibiwa, “Dada, zote zimo humo humo.” Mama alilipa.

Hesabu ya 68 ilipatikana kwa kujumlisha 4 na 64, yaani kwa kujumlisha vitu viwili visivyojumlishika. Gigabaiti, ambayo ni kipimo cha takriban baiti bilioni moja, hutumika kupima kumbukumbu na kupima hifadhi, lakini kipimo kuwa kimoja hakuzifanyi kazi zake kuwa moja. Kumbukumbu, ambayo wengi huiita RAM, ni mahali ambapo programu zinazotumika wakati huo huwekwa ili kichakato kizifikie kwa kasi, na vilivyomo hufutika umeme unapokatika; hifadhi ni mahali ambapo mafaili na programu hulala hata mashine ikizimwa. Ya kwanza ni kama meza ya kukatia ya fundi cherehani, na ya pili ni rafu ya majora; fundi mwenye meza ndogo hapati nafuu yoyote kwa kuongezewa majora. Mashine inapoishiwa kumbukumbu huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole mara nyingi zaidi, na hapo ndipo mtumiaji huona kishale kikiganda, akadhani mashine imeingiwa na virusi.

Tabia ya kujumlisha haikuanzia kwenye kompyuta. Simu nyingi za bei ya kati siku hizi huandikwa kwenye boksi kuwa zina RAM ya gigabaiti 16, ilhali 8 kati yake ni kipande kilichomegwa kutoka kwenye hifadhi na kupewa jina kubwa. Mnunuzi aliyezoezwa na simu huja kwenye duka la kompyuta akiwa tayari amefunzwa kukosea.

Tarakimu zinazomhusu binti yule zinajulikana wazi. Windows 11, mfumo endeshi uliotolewa mwaka 2021, hutaja gigabaiti 4 za kumbukumbu na 64 za hifadhi kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuuwezesha kuwaka. Kwa hiyo mashine ile ya rangi ya fedha imesimama kwenye sakafu yenyewe kabla mwanafunzi hajafungua chochote. Revit, programu ya kuchorea majengo inayotumiwa sana katika taaluma yake, hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 16 kama mwanzo, wala si kama anasa, na huhitaji makumi ya gigabaiti za hifadhi ili kusakinishwa. Mfumo endeshi ukishachukua sehemu yake katika zile 64, hakuna pa kuiweka kwa raha. Mama amenunua mashine ambayo haiwezi kufanya kazi aliyoinunulia, na binti ataligundua hilo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi mchoro wake wa kwanza.

Mashine nyeusi iliyodharauliwa ilikuwa na gigabaiti 8 katika kijiti kimoja, sloti ya pili ikiwa tupu, diski ya SSD ya gigabaiti 256, na kichakato cha Intel cha kizazi cha nane. Kizazi hicho kina maana, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na vichakato vingi vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane havimo katika orodha ya vile vinavyokubaliwa rasmi na Windows 11. Kuijaza sloti ile kwa kijiti kingine cha gigabaiti 8 ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Mashine ingefikia 16, na vijiti viwili vinavyolingana vingesomwa kwa njia mbili sambamba, jambo ambalo huipa nguvu zaidi hata picha kwenye kioo, kwa kuwa mashine za aina hiyo hazina kumbukumbu ya pekee ya michoro bali humega ile ile ya jumla. Kwa mizani yoyote ya haki, pembe zilizochubuka zilikuwa bora.

Sababu ya mashine mpya kufungwa namna ile ni faida ya mtengenezaji. Zamani kumbukumbu ilichomekwa, ikachomolewa, ikabadilishwa. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro yenye kioo cha Retina ambayo kumbukumbu yake ililehemiwa kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, na wengine wengi wakaifuata njia hiyo kwa kisingizio cha wembamba. Kampuni hiyo hiyo ilizitetea gigabaiti 8 kwa miaka mingi, na mwaka 2023 mmoja wa viongozi wake wa masoko alidai kwamba 8 zake zinalingana na 16 za wengine. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imeipandisha MacBook Air hadi 16 bila kuongeza bei ya kuanzia. Kama hata waliokuwa mawakili wa gigabaiti 8 waliziacha katika MacBook Air, nani atazitetea 4?

Wapo pia waliopotoka upande wa pili, vijana wanaojitapia gigabaiti 64 huku kazi yao ni kuandika barua na kutazama mpira. Hao hujidhulumu wenyewe, na si shauri la safu hii leo. Mtu anayetaka kujua kiasi kinachomfaa hahitaji kushindana na jirani. Anahitaji kufungua programu zake zote za siku ya kawaida ya kazi, pamoja na kivinjari na kurasa zake, kisha kwenye Windows abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kutazama sehemu ya kumbukumbu. Matumizi yakikaa juu ya asilimia 80 muda wote, nafasi imembana. Yakibaki chini ya nusu, fedha za kuongeza kumbukumbu zitamfaa zaidi kwenye diski ya SSD. Kwa mwandishi, mhasibu mdogo au mwalimu, 8 zinavumilika iwapo sloti ya kuongezea ipo. Kwa anayechora, anayehariri video au anayeandika programu, 16 ndizo za kuanzia. Kwa mashine iliyolehemiwa, kiasi kinunuliwe siku ile ile kwa kuangalia mwaka wa mwisho wa masomo, kwa sababu siku ya kuongeza haitakuja.

Na kusubiri bei ishuke si mpango wa kutegemea. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zilipanda kwa kasi, kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron, ambazo ndizo watengenezaji wakuu duniani, zilielekeza uzalishaji mkubwa kwenye mitambo ya akili unde. Micron ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo watu wa kawaida walilizoea katika vijiti vya kuongezea. Soko likibana hivi, mashine hafifu za gigabaiti 4 zitazidi kumiminika huku, na wauzaji wa namna ya yule watazidi kujumlisha.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto wanaojiandaa kwenda chuo wanaombwa jambo moja kabla ya kutoa fedha: wamtake muuzaji aiwashe mashine, aonyeshe kiasi cha kumbukumbu kwenye kioo chenyewe, kando na hifadhi, na aandike kwenye risiti kama kumbukumbu hiyo inaongezeka au haiongezeki. Muuzaji anayekataa kuandika sentensi hiyo hastahili kulipwa.