Upepo Unaotoka Mbele

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi hawamwambii hata shoga wa karibu. Ni upepo unaotoka ukeni kwa sauti, hasa wakati wa tendo la ndoa au mama anapoinama. Mama wa Tunduma, mwenye watoto wanne, hushinda akivusha mizigo kwenda na kurudi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Usiku sauti inatoka na mumewe anacheka, au anauliza ni nani aliyempanua. Tunajua ndoa zilizoingia baridi kwa sababu hiyo.

Kumbe ni hewa tu. Haitoki tumboni, wala haina harufu ya choo. Wakati wa tendo hewa husukumwa ndani ya uke, na mama akibadili mkao hutoka. Humpata hata asiyezaa, ila waliozaa hupatwa zaidi, kwa kuwa misuli inayoshikilia kizazi na kibofu huvutwa sana wakati wa kujifungua. Si alama ya uasherati. (Baba naye asomewe hapa!)

Kinachotutia hofu ni tiba za mitaani: shabu, ugoro, dawa za kubana, sabuni ya kuoshea ndani. Desturi ya kukausha uke inajulikana pande zote mbili za mpaka. Vitu hivyo huchubua ngozi laini na kuua vijidudu vinavyoulinda uke, na penye mchubuko virusi vya UKIMWI hupenya kwa urahisi. Katika mji wa mpakani kama wetu, hilo si jambo dogo. Nawa nje kwa maji safi. Ndani hujisafisha kwenyewe.

Dawa iliyo bora haina bei. Kaza misuli kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu hadi 5, kisha legeza. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya hivyo hata ukiwa umekaa sokoni na mtu asijue. Usikate tamaa mapema, huchukua kama miezi 3. Na aliyejifungua asikimbilie magunia kabla ya wiki 6 kwisha. Ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, nenda ukapimwe, huenda kizazi kimeshuka.

Lakini upepo ukitoka mbele ukiwa na harufu ya choo, au choo au mkojo ukivuja bila wewe kuuzuia baada ya uchungu wa muda mrefu au kuchanika vibaya, hiyo huenda ni fistula. Ni tundu. Kichwa cha mtoto kikikandamiza nyama kwa muda mrefu, zinakosa damu na kufa. Hujarogwa, wala hukulaaniwa. Hushonwa kwa upasuaji, na wengi hupona. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imewatibu wanawake wengi bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kuwatumia nauli kwa M-Pesa wale wa mikoa ya mbali.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ukimwonea haya mganga wa kiume, omba muuguzi wa kike, umwambie tu: "Upepo unatoka mbele, na unanuka choo." Ataelewa.