Ardhi Haiendi kwa Mstari Mmoja

Wako watu wasemao kuwa tetemeko la ardhi ni msiba wa nchi za mbali, na kwamba sisi wa Ngao, tukaao kando ya Mto Tana, halituhusu. Maneno hayo hupendeza masikioni, walakini si ya kweli.

Katika miaka ya 1990, antena ya kupokea ishara za setilaiti ilisimikwa karibu na Malindi. Kazi yake haikuwa kumwonyesha msafiri njia, bali kukaa mahali pamoja na kupimwa siku baada ya siku, ili ijulikane nchi iliyo chini yake inakwenda wapi na kwa kasi gani. Maana nchi kavu huenda: pwani yetu husogea kuelekea kaskazini-mashariki sentimita 3 hivi kila mwaka. Juu ya vituo vya namna hii ndipo hesabu za ramani na vipimo vya bahari hutegemea.

Mwenye haraka atasema, "Gawanya mwendo kwa miaka, utapata kasi." Napinga. Je, Mto Tana huhama hivyo? Hukaa ndani ya kingo zake miaka mingi, kisha gharika moja huutoa katika njia ya kale na kuutia katika njia mpya. Agawanyaye uhamaji huo kwa miaka yote atapata wastani ambao haukuwa kweli hata mwaka mmoja.

Ardhi nayo ni vivyo hivyo. Tuchukue mfano. Kituo kiendacho sentimita 3 kwa mwaka kitakwenda sentimita 12 katika miaka 4. Tetemeko likikirusha sentimita 1 zaidi, jumla ni 13, na mwenye haraka ataandika kasi ya sentimita 3.25. Amekosea kwa milimita 2.5 kila mwaka. Atacheka na kuuliza, "Milimita ni kitu gani?" Ni kitu kikubwa. Bonde la Ufa katika Kenya hupanuka kwa milimita chache tu kila mwaka. Kosa lake laweza kulifunga bonde zima katika karatasi, au kulipanua maradufu.

Wala umbali si ngao. Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004 lilituma mawimbi yaliyofika mpaka pwani ya Kenya, na msogeo wa ardhi ulipimwa katika vituo vilivyo maelfu ya kilomita kutoka chanzo chake. Tena, ardhi ikiisha kuruka haitulii mara moja. Huendelea kutambaa kwa miaka, kwa nguvu kwanza, kisha polepole. Katika tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011, kituo kimoja kilisogea zaidi ya mita 5, na mtambao ukafuata. Ndiyo sababu mfumo wa marejeo wa dunia uliotolewa mwaka 2016 ulitia ndani hesabu ya mtambao huo.

Yafaa basi kila kituo kiwe na daftari la matukio yake: siku ya tetemeko, na siku ya kubadilishwa antena pia, kwa kuwa zote mbili huacha mruko. Hesabu ikatwe hapo, na kila kipande kipimwe kwa haki yake.

Faida ni yetu kwanza. Bahari ya dunia hupanda milimita 3 hadi 4 hivi kwa mwaka, na katika delta ya Tana maji ya chumvi hupanda mtoni hata kuharibu mashamba ya mpunga. Mkulima ana haki ya kujua kama bahari inapanda, au nchi inashuka, au yote mawili. Kasi ya kituo ikiwa ya uongo, jibu atakalopewa litakuwa la uongo, na ukuta atakaoujenga utakuwa mfupi.

Kijana usomaye, usiridhike na mstari ulionyooka kwa sababu ni mzuri kutazama. Uulize kwanza umepita juu ya nini.